Leseni Yako Wanaijua, Shimo Lako Hawalioni!

Kijana wa Ngokolo! Najua saa hizi umekwishafungua kibanda, au umekaa juu ya pikipiki kijiweni ukisubiri abiria wa kwanza, au unakung'uta suruali za mtumba pale Mitumbani ili zipate sura ya dukani. Kabla mteja hajafika, nipe dakika chache. Nina swali moja, na nakuomba usinijibu haraka.

Ni mara ngapi mtu wa halmashauri amekuja mlangoni kwako kuuliza leseni? Umeshahesabu? Haya, sasa niambie ni mara ngapi mtu huyohuyo, akiwa amesimama hapohapo, amegeuza shingo akauliza habari za shimo lililo mbele ya mlango wako.

Swali la kwanza huna hesabu kamili, kwa sababu ni mara nyingi. Swali la pili hesabu unayo: sifuri.

Huo ndio ugonjwa ninaotaka tuuzungumze leo bila kumung'unya maneno. Manispaa yetu ya Shinyanga ina kengeza. Jicho moja linaiona leseni iliyokwisha muda jana, tena linaiona kutoka ng'ambo ya barabara. Jicho la pili halioni shimo linaloweza kumeza tairi la bajaji. Na mganga wa jicho hilo si waziri wala mkuu wa mkoa. Ni wewe, na kabla sijamaliza nitakueleza kwa nini.

LESENI SI DHAMBI

Kwanza tuelewane, maana wapambe wa wakubwa watasema gazeti la wapinzani linawachochea vijana wasilipe. La hasha! Mimi sisemi usilipe. Leseni ni sheria, tena sheria ya zamani: Sheria ya Leseni za Biashara Na. 25 ya 1972. Mji usiokusanya chochote hauwezi kuzoa taka, hauwezi kuwasha taa, hauwezi kununua chaki. Anayekwambia mji unaweza kuendeshwa bila ushuru ni mwongo, hata kama amevaa kofia ya mageuzi.

Lakini tuitazame njia ya hiyo leseni. Tuseme wewe ni kinyozi. Una kiti kimoja, kioo kimoja, mashine mbili na redio. Unaanza TRA kuomba namba ya mlipa kodi.  Unarudi kuchukua hati ya kuonyesha kuwa huna deni. Unatafuta mkataba wa pango, na mwenye nyumba naye anakukumbusha kuwa anataka kodi ya miezi sita mkononi. Unatafuta kitambulisho cha taifa. Kisha unaingia kwenye mfumo wa Tausi kwa simu ya rafiki yako yenye kioo kilichopasuka, unapata namba ya malipo, unalipa. Ukishaipata leseni, uhai wake ni miezi 12 tu. Siku ya 366 wewe si kinyozi tena, wewe ni mhalifu mwenye mkasi.

Bado hujalipa fedha za taka. Bado hujaulizwa habari za kibao cha nje na mtungi wa kuzimia moto. Na mwenzako wa bodaboda ana foleni yake nyingine: LATRA, bima, leseni ya udereva.

Yote hayo unayafanya. Unalalamika, unatukana kidogo chini kwa chini, lakini unayafanya. Sasa mvua inanyesha. Mbele ya kibanda linatokea bwawa. Mteja anakunja suruali, anaruka jiwe hadi jiwe kama mbuzi, anakuja kunyolewa ndevu akiwa na matope hadi magotini. Wa pili anatazama bwawa lile, anaghairi, anakwenda kunyolewa mtaa wa pili. Umepoteza mteja, na hakuna stakabadhi ya kudai hasara hiyo popote.

UMEKWISHALIPA MARA NGAPI?

Wakubwa wanapenda kutuambia kuwa barabara hazitengenezwi kwa sababu "fedha hazitoshi". Maneno hayo wanayasema kwa sauti ya huruma, utadhani fedha hizo zingetoka mifukoni mwao. Hebu tufanye hesabu ya darasa la nne.

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha nyongeza ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na tukaambiwa fedha hiyo ni ya barabara za vijijini na mitaani zilizo chini ya TARURA. Wewe wa bodaboda, tuseme unachoma lita 3 kwa siku. Hiyo ni shilingi 300. Ukifanya kazi siku 300 kwa mwaka, umetoa shilingi 90,000. Kijiwe chenye pikipiki 20 kimetoa shilingi 1,800,000 kwa mwaka mmoja. Hiyo ni nyongeza tu ya mwaka 2021, sijagusa tozo ya barabara iliyokuwamo kwenye mafuta tangu zamani.

Na wewe uliyepanga chumba, usidhani umepona. Kodi ya majengo ilikuwa ya halmashauri, serikali kuu ikaichukua mwaka 2016. Mwaka 2021 ikaanza kukatwa kwenye umeme wa LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 1,500. Mwenye nyumba ni mwingine, lakini anayenunua umeme ni nani? Ni wewe mpangaji. Umekuwa mlipa kodi ya nyumba usiyoimiliki, katika mtaa ambao barabara yake huruhusiwi kuuliza.

Kwa hiyo kijana, acha kutembea umeinamisha kichwa kama unayekwenda ofisi za serikali kuomba sadaka. Wewe si ombaomba. Wewe ni mlipaji, tena wa fedha taslimu. Anayestahili kuinamisha kichwa ni aliyepokea.

SHIMO LISILO NA MWENYEWE

Sasa nenda manispaa ukaulize shimo lako. Utapokewa vizuri, utaambiwa ukae. Kisha utaambiwa: "Ndugu yangu, sisi barabara si zetu siku hizi. Nenda TARURA." Utakwenda TARURA. Huko nako utapokewa vizuri, utaambiwa: "Ndugu yangu, barabara hiyo tunaijua, ila haimo kwenye bajeti ya mwaka huu. Mwambie diwani wako." Utakwenda kwa diwani. Naye atakwambia: "Mimi nimeshapiga kelele sana barazani, lakini wale hawawajibiki kwetu." Umezunguka mji mzima, soli imeisha, shimo limebaki palepale likikungoja.

Na ajabu ni kwamba wote watatu wanaweza kuwa wamesema kweli!

Hadi mwaka 2017 barabara za mitaa zilikuwa mikononi mwa halmashauri. Julai mwaka huo zikakabidhiwa TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulio chini ya TAMISEMI. Sababu iliyotolewa haikuwa ya kipuuzi: halmashauri nyingi zilikuwa zikizitafuna fedha za barabara, zikichanganya fungu hili na lile, zikitoa kazi kwa makandarasi wa kujuana. Wengi tulipiga makofi. Lakini tuliwanyang'anya walaji sahani, tukasahau kuuliza sahani hiyo sasa anaishika nani, na mwenye njaa atamdai nani. Diwani unampigia kura. Meneja wa TARURA humpigii kura wala hujui sura yake. Madiwani sehemu nyingi za nchi wamelalamika hadharani kuwa wanatukanwa na wananchi kwa barabara wasizokuwa na rungu nazo.

Na mgawo wenyewe? Mfuko wa Barabara ulizoea kugawa fedha zake hivi: asilimia 70 kwa TANROADS, asilimia 30 kwa barabara za halmashauri, ambazo sasa ni za TARURA. TANROADS ina kilomita zipatazo 36,000. TARURA tangu ilipoanza ilikabidhiwa zaidi ya kilomita 100,000. Mwenye watoto watatu alipewa debe saba, mwenye watoto tisa akapewa debe tatu. Ndiyo maana basi la Mwanza linapita kwenye lami safi likikupungia mkono, na wewe unabaki na vumbi lako Ngokolo.

Wazee wetu wanaijua hadithi hii, maana waliiona. Kati ya mwaka 1972 na 1974 serikali ilizifuta halmashauri zote, za wilaya na za miji, kwa jina zuri la "Madaraka Mikoani". Jina lilisema madaraka yanakuja kwetu, vitendo vikayapeleka kwa makamishna walioteuliwa. Mitaro ya mijini ikaziba, barabara zikaoza, kipindupindu kikaingia mijini mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1978 wakalazimika kurudisha halmashauri za miji kwa sheria ya muda, na mwaka 1982 Bunge likatunga sheria za serikali za mitaa, zikiwamo Na. 7, Na. 8 na Na. 9. Mwalimu Nyerere mwenyewe baadaye alikiri kuwa kuzifuta halmashauri lilikuwa kosa.

Na tazama kichekesho: mwaka ule ule wa 1972 walipoanza kuifuta serikali ya mtaa, ndio mwaka walipotunga sheria ya leseni. Aliyekujibu wakamwondoa, anayekudai wakamleta. Nusu karne imepita na mchezo haujabadilika sana.

GREDA LA MWENGE

Tuje kwenye shimo lenyewe, maana shimo lina elimu yake. Udongo wetu wa mbuga, ule mweusi, kila Msukuma anaujua. Mvua ikinyesha unavimba na kushika viatu kama uji wa mtama. Kiangazi unapasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono. Ukimwaga kifusi juu ya udongo huo bila kuchimba mtaro na bila kuweka kalavati, umemwaga fedha. Maji yakikosa pa kupita yanalala chini ya barabara, udongo unavimba, changarawe inazama, na lori la kwanza la matofali linamaliza kazi.

Kwa hiyo adui wa barabara yetu ni maji. Barabara isiyo na mtaro ni kama shati lisilo na vifungo: unalivaa, lakini upepo ukija uko uchi. Mtaro si kitu cha kifahari. Kuuzibua kunahitaji sepetu, kandambili na vijana kumi wanaolipwa kwa siku. Vijana hao wako wapi? Wako hapahapa Ngokolo, wamekaa kijiweni wanacheza drafti. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi kila mwaka tunajenga ukuta.

Na greda linakuja lini? Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai. Mvua zetu zinaanza Oktoba au Novemba. Mtu mwenye akili angechonga barabara na kuzibua mitaro katika miezi ile mikavu. Lakini wewe mwenyewe umeona siku barabara zetu zinapopendeza ghafla: ni siku Mwenge unapopita, au kigogo kutoka juu anapokuja kuweka jiwe la msingi. Greda linanguruma usiku, kifusi kinamwagwa, mawe yanapakwa chokaa. Msafara ukishapita, vumbi likatulia, tunarudi kwenye maisha yetu. Kumbe greda lipo! Kumbe dizeli ipo! Kilichokosekana ni mtu wa kuogopwa. Mwenge unaogopwa. Kigogo anaogopwa. Kinyozi wa Ngokolo haogopwi.

FUTI KAMBA YA UPANDE MMOJA

Kuna siku nyingine watu wa mji wanakuwa hodari sana wa barabara. Ni siku ya kupima hifadhi yake. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inatoa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu. Siku hiyo futi kamba inapatikana, rangi nyekundu inapatikana, alama ya X inapigwa kwenye kibanda, na mgambo wanapatikana wengi kuliko wagonjwa zahanati. Mama lishe anaambiwa aondoe masufuria. Muuza ndizi anakimbia na toroli. Mita zinahesabiwa hadi sentimita.

Mbona futi kamba hiyo haipimi kina cha shimo? Mbona haipimi urefu wa mtaro ulioziba?

Kijana wa mjini katika nchi hii amekuwa akifukuzwa na kuitwa tena kama kuku wa jirani. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi, vijana wakakamatwa mijini kwa jina la wazururaji na kupelekwa vijijini kwa lazima. Desemba 2018 Rais Magufuli akatoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 kwa kimoja, akasema mwenye nacho asibughudhiwe. Vijana wakalipa, wakajipanga barabarani wamevaa kitambulisho shingoni kama medali. Mwaka 2021 ikaja amri nyingine ya kuwapanga upya, na miji mingi ikavunja vibanda vyao. Je, aliyelipa shilingi 20,000 alirudishiwa ngapi? Wewe unajua.

Sisemi kibanda kijengwe katikati ya lami. Mji lazima uwe na mpangilio. Ninasema mpangilio una pande mbili. Anayekuhamisha akuonyeshe unakokwenda, na huko unakokwenda kuwe na barabara ya kumfikisha mteja, choo, maji na taa. Soko lisilo na barabara ni ghala la kuozesha nyanya.

DHAHABU NA KARANGA

Wengine watasema: "Bwana mwandishi, mji wetu ni maskini, usitulinganishe na wenye dhahabu." Haya, twende kwa wenye dhahabu, hapo Geita, saa chache tu kutoka hapa. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000. Kwa miaka mingi, kwa mujibu wa mkataba ambao serikali yetu wenyewe ilitia saini, halmashauri ya huko ilikuwa ikipata dola 200,000 kwa mwaka kama ushuru wake. Dhahabu ipande bei, ishuke bei, ni dola 200,000 tu. Ilichukua zaidi ya miaka 10 kufikia ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo, unaotajwa katika sheria ya fedha za serikali za mitaa.

Linganisha hapo. Muuza karanga hakupewa mkataba. Hakuna waziri aliyeketi naye hotelini wakakubaliana alipe kiwango kimoja kwa miaka 10 bei ya karanga ipande isipande. Yeye alihesabiwa kila kikombe. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na aliyetia saini ile hakuwa mzungu peke yake. Upande wa pili wa meza alikaa Mtanzania mwenzetu aliyetumwa na chama kilichotutawala tangu uhuru, kwanza kwa jina la TANU, kisha tangu 1977 kwa jina la CCM.

Kwa hiyo wakikwambia tatizo ni umaskini, kataa kwa adabu. Umaskini upo, lakini tatizo la kwanza ni nani anaulizwa na nani haulizwi.

MFANO WA BENKI YA DUNIA

Sasa nifike nilikokuwa nakwenda. Nilisema mganga ni wewe.

Usiseme Shinyanga haijawahi kupata lami nzuri mitaani. Imepata, na tuseme kweli. Kuanzia mwaka 2012 kulikuwa na mradi wa kuimarisha miji uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na Manispaa ya Shinyanga ilikuwa miongoni mwa miji 18 iliyoingizwa humo, pamoja na Geita. Barabara zilijengwa kwa lami, mitaro ikajengwa kwa mawe, taa zikasimama. Wewe mwenyewe unajua mitaa inayong'aa usiku.

Halmashauri hizohizo! Watumishi haohao! Imekuwaje wakaweza?

Siri ni hii. Benki ile haikuwa inamwaga fedha na kuondoka. Kila mwaka wakaguzi walikuja kupima: vitabu vya hesabu viko sawa? Zabuni zilitangazwa? Mapato ya ndani yamekusanywa na kuandikwa? Mji uliofaulu ulipata fedha zaidi, mji ulioshindwa ulipunguziwa. Basi wakubwa wetu wakajifunza kuandika vitabu vizuri na kukesha wakitengeneza taarifa. Walimwogopa aliyekuwa akiuliza kabla ya kutoa.

Jiulize basi: aliyekopesha fedha hizo ni nani? Ni Benki. Atakayezilipa ni nani? Ni wewe, na mtoto wako, na mjukuu wako. Mkopeshaji anaonyeshwa vitabu, mlipaji haonyeshwi! Mgeni kutoka Washington anavutiwa kiti na kufunguliwa kabati, mwenyeji wa Ngokolo anaambiwa njoo kesho.

Kijana mwenzangu, dawa ni wewe kuwa Benki ya Dunia ya Ngokolo. Lipa, lakini uliza. Kila unapolipa, uliza.

Anza na dogo. Usitoe hata shilingi moja bila namba ya malipo ya serikali na stakabadhi ya mashine. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja mwaka baada ya mwaka fedha zilizokusanywa na halmashauri kwa mashine zile na zisifike benki. Hiyo ni fedha yako iliyoingia mfukoni mwa mtu. Na wewe unayempa mgambo "ya soda" ili aende zake, usije kunililia shimo: umelinunua mwenyewe kwa bei ya soda.

Pili, mkutano wa mtaa. Najua, mkutano ukiitwa wewe unakwenda kuangalia mpira. Wanaobaki ni wazee saba na mwenyekiti, wanapitisha watakacho. Nendeni vijana 30 na swali moja lililoandikwa: mtaa huu umechangia kiasi gani kwa leseni na ushuru, na barabara ipi itatengenezwa, lini, na kwa shilingi ngapi? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Meneja wa TARURA aalikwe kwa barua, nanyi mbaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Tatu, Baraza la Madiwani. Vikao vyake ni vya wazi kwa wananchi, na hukaa kila robo ya mwaka. Huhitaji kualikwa. Vaa shati safi, kaa nyuma, sikiliza diwani wako anasema nini au analala usingizi wa pono. Siku diwani anapoona vijana wake wamekaa nyuma na daftari, sauti yake inabadilika.

Nne, kuna fedha yako humo. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya kuonekana uozo, vikundi hewa na fedha zisizorudi, kisha ikafunguliwa tena mwaka 2024. Basi uliza orodha ya waliopata katika kata yako. Kama kuna kikundi cha vijana cha Ngokolo ambacho hakuna kijana wa Ngokolo anayekijua, umeshajua kuna nini.

Na sisi wa upinzani tusijifanye malaika. Tumewahi kupata madiwani waliozungumza kwa moto jukwaani na kupoa kama uji wakishaonja posho ya kikao. Naye uliza. Kadi ya chama chochote, hata cha kwetu, isiwe leseni ya kutoulizwa.

KURA MOJA

Najua unachowaza. Unawaza: "Nitauliza mimi mmoja, itasaidia nini? Uchaguzi wenyewe ndio ule." Ni kweli, Novemba 2024 chama tawala kilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya mitaa nchi nzima, baada ya wagombea wengi wa upinzani kuenguliwa kwa sababu za fomu. Anayetaka kukata tamaa ana sababu ya kutosha.

Lakini wewe ni mtu wa Shinyanga Mjini, na mtu wa Shinyanga Mjini hana haki ya kusema mmoja si kitu. Mwaka 2010, katika jimbo hilihili, mgombea ubunge wa CCM alitangazwa mshindi dhidi ya mgombea wa CHADEMA kwa tofauti ya kura ngapi? Kura 1! Haikuwa mia wala kumi. Maelfu kwa maelfu walipiga kura, na mizani ikalala upande mmoja kwa mtu mmoja tu. Mtu huyo angeweza kuwa kinyozi aliyechelewa kufungua kibanda. Angeweza kuwa kijana wa kijiwe aliyesema "kura yangu itasaidia nini" akaenda kulala.

Tangu siku ile, kila nikiona shimo lililojaa maji nakumbuka hiyo kura 1. Nakumbuka kuwa wanaotutawala hawana hofu na hasira zetu za kijiweni, maana hasira hizo zinaishia kwenye glasi ya kahawa. Wana hofu na mtu mmoja anayesimama mkutanoni na karatasi na kuuliza fedha iko wapi, kisha anarudi mkutano wa pili na karatasi ileile.

Kwa hiyo atakapokuja tena yule bwana na mashine yake kuuliza leseni, usimkimbie na usimtukane. Mkaribishe. Mpe kiti. Mwonyeshe leseni yako. Kisha mshike mkono kwa heshima, mtoke naye nje hatua tatu, mwonyeshe shimo, na umwambie: "Kaka, hii yangu ni hii hapa. Ya kwenu iko wapi?"